Tone Moja Ndani ya Mpira

Mtaani walimwita Daktari, na jina hilo lilimletea taabu isiyo na malipo. Jirani akiumwa mgongo, mlango wa kwanza kugongwa ni wake. Akieleza kwamba udaktari wake ni wa fizikia, na kwamba hajui hata dawa ya mafua, mgonjwa humtazama kwa huruma, kama vile amegundua kuwa mwenzake alipotezewa miaka shuleni.

"Sasa wewe unatibu nini?" aliwahi kuulizwa na mama mmoja.

Akajibu kwamba hatibu, anapima joto la vitu vilivyo mbali mno, joto dogo ambalo macho hayalioni.

"Kumbe una kipimajoto, dada," mama yule alisema, akaridhika, akaondoka na mgongo wake.

Wala hakukosea sana. Kipimajoto chenyewe kilikuwa kipande cha jiwe jeupe lenye kung'aa, ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, na juu yake utando mweusi, mwembamba kuliko unywele mara mia. Ukiupooza utando huo kwa nitrojeni ya kimiminika, unafika mahali ambapo umeme unapita ndani yake bila kizuizi hata chembe. Ukipata joto kidogo tu, umeme unaanza kukwama. Mpaka kati ya hali hizo mbili ni mwembamba kama makali ya wembe, na kazi ya Daktari ilikuwa kuuweka utando papo hapo, juu ya makali, usiende huku wala kule. Hapo hata mwale dhaifu wa joto ukiugusa, ile infraredi ya mbali inayotoka kwenye mavumbi baridi yaliyo katikati ya nyota, utando unashtuka na mstari unaruka kwenye kompyuta.

Huo utando haukuogopa baridi wala giza. Uliogopa maji. Unyevu ukiupata unapauka kama kitambaa kilichosahaulika juani, na uwezo wake ukishaondoka haurudi. Tena ulikuwa umebaki mmoja. Mashine iliyoutengeneza, katika maabara ya marafiki wa mbali, ilikuwa imekwisha kufa na kuuzwa kama chuma chakavu. Daktari na wenzake walikuwa wameletewa tando tatu. Wa kwanza ulipasuka, wa pili ulichakaa kwa majaribio, na wa tatu ukawa ndio roho ya maabara nzima.

Aliyejua kuukalisha juu ya kitako chake cha shaba, na kuufunga nyaya za dhahabu ambazo ukipiga chafya zinapotea, alikuwa kaka yake Daktari, baba mmoja mama mmoja. Wenzao walimwita Fundi. Mtungi wa chuma ambamo utando ulikaa katika ombwe, pasipo hewa, aliuchonga yeye mwenyewe. Nitrojeni pia aliifuata yeye, kwenye kituo cha kupandishia ng'ombe, kwa sababu huko ndiko ilikopatikana kwa ajili ya kuhifadhia mbegu za madume. Akirudi na tangi lake alikuwa na salamu moja tu: "Mdogo wangu, madume wanakusalimia. Wanasema usimalize baridi yao."

Sasa wageni walikuwa wanakuja. Walitoka kwenye kituo cha darubini kubwa juu ya mlima, nchi nyingine kabisa, na walikuwa wanatafuta kipokezi cha infraredi ya mbali ambacho hakihitaji baridi ya bei mbaya. Wakiona utando unafanya kazi, utapewa nafasi kwenye darubini, na watu wawili wataitwa kwenda nao: Daktari wa kuusoma na Fundi wa kuutunza. Fundi hakuwahi kupanda ndege. Pasipoti yake alikuwa amekwisha kuionyesha kwa kila mtu, hadi kinyozi wake, na kinyozi aliirudisha ikiwa na nywele ndani.

Mkuu wa idara alishikwa na homa ya usafi. Alipita chumba kwa chumba na leso nyeupe, akipangusa juu ya makabati na kuwaonyesha watu leso ilivyochafuka. Alipofika maabara ya Daktari aliuona ule mpira mrefu wa kupitishia gesi, uliojaa mafuta meusi na alama za vidole vya miaka.

"Hili nalo mgeni alione?" akauliza.

Daktari akauchukua, akaenda nao sinkini, akauosha kwa sabuni na maji ya moto, nje na ndani, ukatakata. Mpira huo hutumika kuingizia gesi kavu mtungini wakati wa kuufungua, na mtungi ulikuwa umefungwa, haungefunguliwa mpaka wageni waondoke. Akautundika kwenye msumari nyuma ya mlango, ukining'inia kwa ncha zake mbili. Alikusudia kuupuliza ukauke ndani kesho yake. Alikusudia pia kumwambia kaka yake. Lakini Mkuu alimwita kuhusu mapazia, na baada ya mapazia kukawa na suala la vikombe.

Asubuhi iliyofuata waliujaribu utando kwa mara ya mwisho kabla ya wageni, nao ulifanya kazi kama bibi harusi anayejua anatazamwa. Fundi aliweka kiganja mbele ya dirisha la mtungi, mstari ukapaa. Akaweka bilauri ya barafu, ukashuka. Akasogea nyuma hadi ukutani na kupunga mkono, mstari nao ukapunga.

"Inaniona," akasema kwa furaha. "Mke wangu mwenyewe hanioni hivi."

"Wifi anakuona sana," Daktari alimjibu. "Ndiyo maana ananyamaza."

Wakacheka. Daktari aliitwa tena na Mkuu, safari hii juu ya viti, na alikuwa katikati ya ubishi wa viti vya mbao na viti vya kitambaa pale umeme ulipokatika. Feni ilizunguka taratibu ikasimama. Wenzake wakaguna kama watu waliozoea. Yeye hakuguna. Alikuwa anasikiliza ukuta, kwa kuwa nyuma ya ukuta ule pampu ya kunyonya hewa ya mtungi ilikuwa ikinguruma mchana kutwa, na sasa ilikuwa kimya.

Alikimbia. Pampu ikisimama, kuna vali inayopaswa kujifunga yenyewe, na vali ile walikuwa wanaijua tabia yake: ilijifunga nusu. Hewa ya nje, yenye unyevu wake wote, ingejipenyeza hadi kwenye utando uliokuwa baridi kuliko kitu chochote mjini, na unyevu ungeukimbilia kama nzi kwenye sukari.

Alimkuta kaka yake amepiga magoti kando ya mtungi, jasho linamtiririka, anatabasamu.

"Nimeiwahi!" Fundi alisema. "Nilikuwa nje, kwenye birika la chai. Nimesikia pampu imekata, nimeruka kama swala. Vali nimeikaza kwa mkono, halafu nimejaza gesi kavu kutoka kwenye tangi, hewa ya nje isipate pa kuingilia. Sasa inapata joto polepole, yenyewe. Iko salama, mdogo wangu."

Ndivyo inavyotakiwa kufanywa. Hakuna kitabu ambacho kingemwambia vingine. Daktari akatazama tangi, akatazama mtungi, akatazama kilichoviunganisha. Ulikuwa ule mpira, safi, unang'aa. Fundi alikuwa ameunyakua nyuma ya mlango mahali ambapo kila siku unakuwa. Ulipokuwa umening'inia kwa ncha zake mbili, chini kabisa, kwenye tumbo la mkunjo wake, ndipo maji huwa yanasimama.

Daktari alijua pale pale, hakuhitaji kipimo. Gesi ilikuwa imepita kwa nguvu na kusukuma kilichokuwa ndani, ukungu wa maji, moja kwa moja juu ya utando.

"Umefanya vizuri, kaka," akasema.

Baadaye aliyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi, akitafuta pa kuyashikia ayatoe. Kwa nini alisema vile? Sababu moja ni kwamba alitumaini. Pengine ilikuwa tone moja tu, pengine lilinasa kwenye kona ya bomba. Sababu ya pili ilikuwa uso wa kaka yake. Mtu anapokuwa na furaha kiasi kile, kumwambia ukweli ni kama kumpokonya mtoto chakula mdomoni. Akajiambia atasema kesho, wakishajua. Waswahili walisema mficha maradhi kilio humfichua, na yeye methali hiyo aliijua tangu shule ya msingi. Ila kuijua methali hakujamponya mtu.

Umeme ulirudi alasiri. Utando uliachwa upate joto usiku kucha, na asubuhi, siku ya wageni, wakaupooza upya. Fundi alimimina nitrojeni, moshi mweupe ukatambaa sakafuni. Daktari alikaa mbele ya kompyuta. Mstari wa ukinzani ulianza kushuka taratibu, kama ilivyo kawaida. Kwenye utando mzima mstari huo unashuka, unashuka, halafu unaporomoka ghafla hadi chini kabisa. Wao wenyewe mahali hapo walipaita genge.

Genge halikuja. Mstari ulifika pale, ukapinda kidogo kama mzee anayetaka kukaa, ukaghairi, ukaendelea kujikokota kwa mshazari.

"Ngoja," Fundi alisema. Akaongeza nitrojeni. Akagonga waya kwa kidole. Akakagua viungo kimoja kimoja, akavikagua tena kuanzia mwisho. Daktari alimwacha, kwa kuwa hakukuwa na lingine la kufanya. Kisha wakaupasha joto, wakafungua, na Fundi akauinamia kwa lenzi yake. Upande mmoja wa utando, unaotazama tundu la kuingilia gesi, kulikuwa na doa la kijivu.

"Maji," akasema. Akakaa juu ya boksi la spana. "Nilichelewa. Nilikuwa nakunywa chai."

"Kaka, sikiliza. Si wewe."

"Nilikuwa nakunywa chai, mdogo wangu. Nimetia na sukari. Nimekoroga."

"Ni mpira. Niliuosha juzi kwa maji, kwa sababu ya leso ya Mkuu. Sikuukausha ndani wala sikukwambia. Wewe umeutumia kama unavyoutumia siku zote. Maji ni yangu."

Fundi akamwinulia macho. Kulikuwa na upole ndani yake ambao Daktari aliuogopa.

"Jana uliniambia nimefanya vizuri."

"Ndiyo, ulifanya vizuri!"

"Kama ulijua mpira una maji, ungeniambia jana. Ungepiga kelele mpaka ng'ombe wasikie. Nakujua." Akatikisa kichwa. "Usinibembeleze."

Daktari akaenda akauchukua mpira. Aliukunja, akaupuliza kwa pumzi yote, akauelekezea kiganjani. Hakikutoka kitu isipokuwa hewa. Ile gesi kavu ilikuwa imepita humo muda mrefu na kuukausha kuliko jua la kiangazi. Alisimama na mpira mkononi kama mtu aliyemwita shahidi mahakamani akakuta ni bubu.

"Doa liko mbele ya tundu la gesi," akasema. "Angalia mwenyewe."

"Na vali iko upande gani?"

Vali ilikuwa upande ule ule. Aliichonga Fundi mwenyewe.

"Unakumbuka pampu ya mwaka ule?" Fundi aliendelea, sauti yake ya chini. "Nilisahau kuitia mafuta, ikaungua. Ukaenda kwa Mkuu ukamwambia wewe ndiye uliyeiacha inazunguka. Uliapa kabisa. Mimi niko pembeni, nakuangalia unavyosema uongo bila kupepesa, nikajiambia, huyu mtoto ananilipa redio ya baba."

Redio ya baba Daktari aliifungua yeye, akiwa mdogo, kuona watu wanakaa wapi, na kaka yake ndiye aliyejitokeza akachapwa. Hayo yalikuwa ya kweli. Ya pampu nayo yalikuwa ya kweli. Alikuwa amemdanganya mtu kwa wema mara moja, na sasa ukweli wake haukuwa na pa kuingilia.

"Safari hii sikulipi kitu," akasema, na sauti ikamkatika, na kukatika kwake kukamharibia zaidi, maana Fundi alinyanyuka akamshika bega na kumtuliza.

Wageni walifika wakiwa wamechoka na safari, mama mmoja mwenye mvi fupi, ndiye mkubwa wao, na kijana wake wa vipimo. Walikaa kwenye viti vya kitambaa. Hatimaye kitambaa kilishinda. Kabla Daktari hajafungua mdomo, Fundi alisimama mbele yao, mikono nyuma kama mwanafunzi.

"Utando umekufa," akasema. "Nimeuua mimi. Umeme ulikatika, nilikuwa mbali na mtungi, nikachelewa kuziba. Daktari hana kosa, alikuwa kwenye kikao."

"Si kweli," Daktari alisema. Akaeleza. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, leso, mpira, sinki, msumari, tumbo la mpira, kama anayefundisha. Alimwona yule mama mwenye mvi akimsikiliza kwa makini, kisha akimtazama Fundi, kisha akimtazama yeye tena kwa tabasamu dogo.

"Ni kaka yako?" aliuliza.

"Ndiyo. Lakini hilo haliingii hapa."

"Nawaonea wivu," mama alisema. "Kwangu kitu kikiharibika kila mtu anamwonyesha mwenzake kidole. Hapa mnagombania."

Kijana wa vipimo akacheka kwa adabu. Mkuu naye akacheka, tena kwa nguvu, kwa kuwa alikuwa amemwona njiwa ametua mkononi: kosa lenye mwenyewe, na mwenyewe amekiri, na leso haikutajwa isipokuwa na mtu mmoja ambaye hakuaminiwa. Alimsifu Fundi mbele za wageni kwa uwajibikaji. Kabla ya jioni alikuwa amemhamishia kitengo cha matengenezo, kutengeneza mabomba ya mabweni.

"Mabomba," Fundi alisema alipoambiwa. "Angalau yenyewe yanapenda maji."

Wageni hawakuondoka mikono mitupu. Mama mwenye mvi alikuwa amesoma kazi ya Daktari kwa miaka, na utando mwingine ulikuwepo, wa maabara nyingine, usio mzuri kama ule lakini mzima. Walihitaji mtu wa kuusoma. Fundi wa kuutunza wanaye wao. Daktari alikataa hapo hapo, kisha akakataa kwa maandishi, na kukataa kwake kukafika kwa kaka yake kupitia Mkuu.

Fundi alimfuata hadi nyumbani. Hakukaa.

"Nimeua utando. Unataka niseme nimeua na safari yako? Niwe nimeua viwili?"

"Hujaua hata kimoja! Mimi nifanye nini uniamini? Niape?"

"Uliapa na kwa pampu," Fundi alimkumbusha, bila ubaya wowote.

Basi akakubali. Kwa kukubali alimwondolea kaka yake mzigo mmoja na kumwachia ule mwingine, na hakuona njia nyingine iliyo wazi, ingawa aliitafuta akiwa amelala na akiwa macho. Alimwendea wifi yake, akamweleza yote kuanzia sinki. Wifi alimsikiliza huku akimenya viazi.

"Wifi," mke wa Fundi alisema mwishoni, "Mungu akubariki. Lakini usimfanye mtoto. Akigundua hata mimi unanipanga, ataumia zaidi. Muache, atazoea."

"Sikupangi. Ni kweli."

"Sawa," wifi alisema, akampa kisu cha pili na viazi vya upande wake.

Jumapili ya kabla ya safari walimwalika chakula cha kumuaga. Nyumba ilikuwa ile ile, meza ile ile yenye mguu mmoja uliotiwa kabari, saa ya ukutani ambayo Fundi aliifufua, taa ya mezani aliyoiunda kwa chupa. Alikuwa mchangamfu. Alieleza habari za mabweni, jinsi wanafunzi wanavyotupa soksi chooni, akawachekesha wote. Akamuuliza mdogo wake maswali ya mlima, kama kuna baridi, kama mtungi wao ni wa chuma au wa alumini, nani atakayefunga nyaya.

"Kijana wao," Daktari alimjibu.

"Ana mkono mtulivu?"

"Sijui, kaka."

"Mwangalie mkono. Kama unatetemeka, umkatae mapema."

Baada ya kula, wifi alivua miwani yake na kuitazama kwa mwanga wa dirisha. Skrubu ndogo ya bawaba ilikuwa imelegea, kioo kinataka kutoka. Skrubu ya namna hiyo Fundi alikuwa akiikaza huku anaongea, bila kuangalia, kwa ncha ya kisu au kwa ukucha. Wifi alimpa kwa mazoea, huku ameshageukia vyombo.

Fundi aliipokea. Akaishika kwa vidole viwili, mbali kidogo na mwili, akaitazama ile skrubu. Daktari aliviona vidole vile. Havikutetemeka. Vilikuwa vidole vile vile vilivyofunga nyaya za dhahabu.

Akaiweka miwani mezani polepole, akaisogeza kutoka ukingoni, akaifunika kwa leso ili isidondoshwe na mtu.

"Kesho nitaipitisha kwa fundi," alisema.